Saa mbili za darasa kabla ya Ramadhani: Mgonjwa wa kisukari na muuguzi anayemfundisha

Kila mwezi wa Shaaban unapoingia, swali moja la afya huletwa mbele ya maimamu wetu kuliko jingine lolote: mtu ana kisukari, je, afunge? Anayeuliza aghalabu huwa ameshaamua. Hatafuti ruhusa ya kula. Anatafuta mtu wa kumwambia kwamba anaweza kufunga bila ya kudhurika. Sheikh humjibu kwa lile lililomo katika elimu yake: kwamba Qur'ani Tukufu, katika Suratul Baqara aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa rukhsa ya kuacha kufunga na kulipa siku nyingine, kwamba yule ambaye maradhi yake hayatarajiwi kupona hutoa fidia kwa kulisha maskini, na kwamba ili ijulikane kama funga itamdhuru, aulizwe tabibu mjuzi na mwaminifu.

Hapo ndipo jawabu la kifiqhi linapoukabidhi mzigo kwa hospitali. Makala haya yanahusu yale yanayotokea baada ya mzigo huo kukabidhiwa: nani humpokea mgonjwa, humwambia nini, na je, hayo anayoambiwa yamepimwa faida yake, au ni maneno tu ya kumsindikiza hadi mlangoni?

Wanaohusika si wachache. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uitwao EPIDIAR, uliofanywa katika nchi 13 zenye Waislamu wengi na kuwahusisha watu 12,243 wenye kisukari. Miongoni mwa wenye kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho kinachowapata wengi wa wazee wetu, asilimia 79 walifunga angalau siku 15 za Ramadhani. Hata miongoni mwa wale wa aina ya kwanza, ambao uhai wao hutegemea insulini, asilimia 43 walifunga kiasi hicho. Watafiti walipohesabu matukio ya sukari kushuka kwa kiwango cha kumlaza mtu hospitalini, waliona kuwa katika Ramadhani yaliongezeka takriban mara tano kwa wagonjwa wa aina ya kwanza, na zaidi ya mara saba kwa wale wa aina ya pili.

Takwimu hizi zinatufahamisha jambo ambalo kila mwenye familia analijua: kumwambia mgonjwa wa kisukari "usifunge" na kuishia hapo hakumzuii kufunga. Kunamzuia tu kusema kwamba anafunga. Atakaa mbele ya muuguzi, ataitikia kwa kichwa, kisha atakwenda nyumbani kula daku. Dawa zake atazipanga mwenyewe kwa kukisia, na wala hatamwambia mtu.

Waliyoyaona London

Madaktari na wahudumu wa kisukari wa kaskazini-magharibi mwa London, katika mitaa ambayo Waislamu wenye asili ya Bara Hindi na Afrika ni wengi, waliamua kuyaacha mabishano ya afunge au asifunge wakauliza swali jingine. Ikiwa mtu huyu atafunga kwa vyovyote vile, je, kumfundisha kabla ya mwezi kuandama kutabadilisha chochote?

Wakatayarisha darasa la takriban saa mbili na kuliita READ. Walilofundisha halikuwa na ajabu: namna ya kupanga futari na daku, kiasi cha kazi na mazoezi kinachomfaa aliyefunga, namna na wakati wa kupima sukari, dalili za sukari kushuka na la kufanya zikitokea, na mabadiliko ya saa na vipimo vya dawa. Kisha wakawalinganisha wagonjwa 57 waliohudhuria na wengine 54 ambao hawakuhudhuria. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2010.

Kabla ya Ramadhani makundi yote mawili yalikuwa sawa: kila moja lilikuwa limepata matukio tisa ya sukari kushuka. Katika Ramadhani, waliohudhuria darasa walipata matukio matano. Wasiohudhuria walipata 36. Tena, waliofundishwa walipungua uzito kwa wastani wa nusu kilo na zaidi kidogo, ilhali wenzao waliongezeka kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Yeyote aliyeiona meza ya futari ya pwani, yenye tambi za sukari, kaimati, vitumbua, sambusa, uji na sharubati mbili, hatashangaa kusikia kwamba mfungaji anaweza kumaliza mwezi akiwa mnene kuliko alivyouanza.

Kutoka tisa hadi matano, na kutoka tisa hadi 36. Saa mbili tu za maneno. Hakuna dawa mpya iliyobuniwa wala mashine iliyonunuliwa.

Lakini haifai kusoma utafiti kwa kuupenda tu. Wagonjwa wale hawakugawanywa kwa kura; wapo waliokuja darasani na wapo wasiokuja. Huenda anayeacha shughuli zake kuhudhuria darasa ni yule yule ambaye kwa tabia yake ni mwangalifu, anayepima sukari yake na kutunza miadi. Kwa hiyo haiwezekani kuyanasibisha mafanikio yote na darasa. Mwanafunzi wa uuguzi aliyefundwa vizuri anapaswa kuliona hilo kabla ya kuambiwa, na ndiyo sababu nimelitaja hapa.

Je, maneno yanaweza kweli kufanya kazi ya dawa? Swali hili lilijibiwa zamani, mbali na Ramadhani na mbali na kisukari. Mwaka 1964, huko Boston, Marekani, daktari wa usingizi Lawrence Egbert na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 97 waliokuwa wakisubiri kupasuliwa tumbo. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Kundi la pili lilielezwa mapema kwamba maumivu yatakuwepo, yatakuwa wapi na yanasababishwa na nini, kisha likafundishwa namna ya kulegeza misuli ya tumbo na namna ya kujigeuza kitandani. Madaktari wa upasuaji hawakujua ni mgonjwa gani yumo katika kundi lipi. Waliopewa maelezo walihitaji takriban nusu tu ya dawa kali za maumivu, na waliruhusiwa kurudi nyumbani siku 2.7 mapema kwa wastani.

Miaka saba baadaye wauguzi wawili wa Marekani, Carol Lindeman na Betty Van Aernam, walionyesha jambo linalofanana na hilo katika fani yao wenyewe. Wagonjwa waliofundishwa na wauguzi kwa mpangilio maalumu, kabla ya upasuaji, namna ya kuvuta pumzi na kukohoa walifanya hivyo vizuri zaidi baada ya kupasuliwa, na walikaa hospitalini siku chache zaidi kuliko waliofundishwa ovyo ovyo, kila muuguzi kwa namna yake. Zingatia: makundi yote mawili yalifundishwa. Kilichotofautiana kilikuwa namna ya kufundisha.

"Nimeelewa"

Hapa tunafikia kiini cha mambo. Katika hospitali nyingi elimu kwa mgonjwa hutolewa kwa namna moja: muuguzi anasema, mgonjwa anaitikia, anaulizwa "Umeelewa?", anajibu "Nimeelewa", anakwenda zake. Jibu hilo lina adabu ndani yake kuliko ukweli. Kwetu sisi mtu mzima hamwambii kijana aliyevaa sare nyeupe kwamba hakumfahamu, na mwanamke aliyezungukwa na foleni hatataka kuonekana mjinga.

Mwaka 2003, huko San Francisco, Marekani, Dean Schillinger na wenzake walirekodi mazungumzo ya madaktari 38 na wagonjwa wao 74 wa kisukari ambao uwezo wao wa kusoma maelezo ya afya ulikuwa mdogo. Katika mazungumzo hayo yalitajwa mambo mapya 124. Je, ni mara ngapi daktari alimtaka mgonjwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichokisikia? Katika mambo 15 tu. Na katika hayo 15, karibu nusu ya majibu yalionyesha kwamba mgonjwa hakushika kilichosemwa. Wagonjwa ambao madaktari wao waliwauliza ndio waliokuwa na sukari iliyodhibitiwa vizuri zaidi. Nao huu, kama ule wa London, haukupangwa kwa kura, basi tuuchukue kwa tahadhari ile ile. Hata hivyo, kuuliza hakuna gharama.

Aliyepita katika chuo cha Qur'ani hapaswi kufundishwa jambo hili na Wamarekani. Mwalimu hakumwuliza mtoto "umeelewa?" Mtoto alikaa na ubao wake, akasoma, na mwalimu akasikiliza, akikosea, anarejeshwa, hapewi sura inayofuata mpaka ile ya kwanza imetoka mdomoni mwake ikiwa sahihi. Na wanazuoni wa hadithi walikuwa na utaratibu wa mwanafunzi kumsomea sheikh wake alichokipokea, sheikh akisikiliza na kusahihisha, ndipo apewe idhini ya kukisimulia kwa wengine. Kwa nini basi tuukubali kwa uhai wa baba zetu utaratibu dhaifu kuliko tuliouweka kwa Juzuu Amma?

Mwaka jana katika Shaaban, kamati yetu ya msikiti iliwaalika wanafunzi wa chuo kimoja cha uuguzi, pamoja na mkufunzi wao, waje kupima sukari na kutoa nasaha baada ya Sala ya Ijumaa. Zilipangwa meza nne chini ya mwembe. Mwanafunzi mmoja, binti wa mwaka wa tatu, alimpata mzee wa miaka sabini na ushei. Alimweleza kwa utulivu dalili za sukari kushuka: kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, fahamu kuvurugika. Mzee akaitikia kila sentensi. "Naam. Naam, mwanangu. Nimeelewa." Mkufunzi alishamwashiria binti amwite anayefuata, kwa kuwa foleni ilikuwa imefika mahali pa kutawadhia.

Binti hakumwita anayefuata. Akasema, "Babu, niwie radhi. Nataka kujua kama mimi nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani, bibi akikuuliza nimekwambia nini kuhusu kutetemeka, utamjibuje?"

"Nitamwambia umesema nikianza kutetemeka na kutoka jasho, nijilaze kivulini nisihangaike, mpaka adhana ya Magharibi."

Hakuna aliyemwambia hivyo. Ndivyo alivyokuwa akifanya miaka yote, na maelezo mapya yalikuja yakakaa juu ya mazoea ya zamani bila ya kuyaondoa.

"Babu, hilo sikulisema wazi. Dalili hizo zikija, unapima. Ikiwa chini ya 3.9, au huna kipimo, unafungua saa hiyo hiyo. Unakunywa kitu chenye sukari. Hata ikiwa imebaki robo saa."

"Robo saa, mwanangu?"

"Hata dakika tano, babu."

Mzee akanyamaza, kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nimesimama pembeni na daftari la majina. "Katibu, ni kweli hayo?" Nikamwambia kwamba ni kweli; kwamba mwenye kuchelea nafsi yake isiangamie hana hiari katika hilo, na kwamba siku hiyo ataitengeza baada ya Ramadhani akiweza, au ataitolea fidia. Akaondoka akiwa mzito wa mwendo. Nadhani alikuwa akizihesabu zile dakika.

Tulipokuwa tukikunja meza nilimwuliza binti yule alijifunza wapi kuuliza namna ile. Akacheka. "Chuoni, ustadhi. Tunaandika kwenye mtihani kwamba mgonjwa aombwe arudie kwa maneno yake. Lakini wodini nikifanya hivyo naulizwa kama sina kazi."

Elimu ya mtihani na elimu ya wodi

Maneno ya binti huyo hayakunitoka kichwani. Nikasoma kidogo, na nikakuta kwamba watafiti wa uuguzi wameyafanyia kazi kwa miaka mingi.

Kuna kinachoitwa uuguzi unaozingatia ushahidi. Maana yake ni kwamba muuguzi, anapoamua la kumfanyia mgonjwa, huyaunganisha mambo matatu: utafiti bora uliopo, ujuzi wake mwenyewe, na matakwa ya mgonjwa. Wengi hulikumbuka la kwanza na kulisahau la tatu. Mfungaji ana nia na dini yake, na nia hiyo ni sehemu ya ushahidi unaopaswa kuwekwa mezani. Muuguzi anayemwambia "acha mambo ya kufunga" amekiuka kanuni za taaluma yake kabla ya kumkosea adabu mgonjwa.

Mwaka 2006, huko Uingereza, Dominic Upton na Penney Upton walitunga dodoso lenye maswali 24 la kupima mambo matatu kwa wauguzi: wanautumia ushahidi kiasi gani, wanauonaje, na wanaujua kiasi gani. Baadaye likatayarishwa jingine kwa ajili ya wanafunzi. Madodoso ya namna hii yametumika katika nchi nyingi, na picha inayojirudia ni moja: wanafunzi wanaupenda ushahidi kuliko wanavyoujua, na wanaujua kuliko wanavyoutumia. Mtazamo ni mzuri. Mikono ndiyo imefungwa.

Imefungwa na nini? Jibu moja lilipatikana mapema. Mwaka 1991 mtafiti Sandra Funk na wenzake, huko Marekani, waliwauliza wauguzi ni vikwazo gani vinawazuia kuyatumia matokeo ya utafiti kazini. Kikwazo kilichotajwa mbele ya vingine ni kwamba muuguzi anajiona hana mamlaka ya kubadilisha namna mgonjwa anavyohudumiwa. Ukosefu wa muda nao ulikuwa juu katika orodha. Ikiwa muuguzi aliyeajiriwa anajiona hivyo, mwanafunzi wa mwaka wa tatu atajionaje, naye anahitaji sahihi ya msimamizi wa wodi katika kitabu chake ili afaulu?

Ninasema haya bila ya kuwalaumu wauguzi wetu. Aliyesimama peke yake usiku katika wodi ya vitanda arubaini haambiwi aketi na kila mgonjwa kwa starehe. Lakini kuna tofauti kati ya kukosa muda na kuamini kwamba kumsikiliza mgonjwa akirudia ni upotezaji wa muda. La kwanza ni la serikali na bajeti. La pili ni mtazamo, na mtazamo hurithiwa kama desturi ya nyumba.

Desturi ya nyumba inaweza kuua hata ikiwa imejengwa juu ya nia njema. Mfano upo karibu nasi kabisa. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba mtoto aletwaye na homa kali, mikono na miguu ikiwa baridi kwa mzunguko dhaifu wa damu, apewe maji ya mshipa mengi kwa haraka. Kila mtu aliona ni jambo la akili. Wazazi nao waliitaka dripu; mtoto asipotundikiwa, walihisi hakutibiwa. Kisha ukafanywa utafiti ulioitwa FEAST katika hospitali sita za Afrika Mashariki, zikiwemo Kilifi nchini Kenya na Hospitali Teule ya Muheza mkoani Tanga, nyingine nne zikiwa Uganda. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura. Mwaka 2011 matokeo yakatangazwa: katika saa 48 za mwanzo, walikufa takriban watoto 10 na nusu katika kila 100 waliopewa maji kwa kasi, na watoto saba na kidogo katika kila 100 ambao hawakupewa hivyo. Utafiti ulikuwa umesimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu ya tofauti hiyo.

Nisieleweke vibaya: utafiti ule haukuwahusu watoto waliokaukiwa maji kwa kuharisha, ambao maji bado ndiyo uhai wao. Uliwahusu wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri. Waliokuwa wakiwatundikia maji hawakuwa wazembe. Walikuwa wakifanya kwa uaminifu lile walilofundishwa. Uaminifu wao haukutosha, na pasipo kulinganisha kundi na kundi wangeendelea hivyo hadi leo.

Sisi tuliosoma elimu ya hadithi tunajua thamani ya kuuliza, "Umelipokea kwa nani, na yeye kalipokea kwa nani?" Swali hilo linamfaa mwanafunzi wa uuguzi, ila kwake halitoshi. Katika hadithi tunatafuta yakini kwamba neno limefika kama lilivyosemwa. Katika tiba neno linaweza kufika salama, kutoka kwa mwalimu mkweli hadi kwa mwanafunzi mkweli, na bado tendo lenyewe likawa linadhuru. Kwa hiyo huulizwa swali la pili: lilijaribiwa kwa nani, na likalinganishwa na nini?

Yanayompasa mgonjwa kuyapata

Turudi kwa mfungaji mwenye kisukari, kwa kuwa yeye ndiye anayengoja. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, likishirikiana na jumuiya ya wataalamu wa kisukari na Ramadhani, lilitoa mwongozo mwaka 2016 na kuufanyia marekebisho mwaka 2021. Unataka mgonjwa aonane na wahudumu wiki sita hadi nane kabla ya Ramadhani. Maana yake ni Rajabu, si ile Ijumaa ya mwisho ya Shaaban ambayo ndiyo tuliyoizoea. Mgonjwa hupimwa hatari yake kwa kuangalia aina ya kisukari, dawa anazotumia, figo, moyo, ujauzito, umri, na kama sukari yake imewahi kushuka vibaya siku za karibuni. Wapo wataoambiwa kwamba wanaweza kufunga kwa uangalizi, na wapo wataoambiwa kwamba funga kwao ni hatari. Wote wawili wanastahili sababu, si amri peke yake.

Anayefunga afundishwe kupima sukari mchana. Wengi huogopa kwamba kujichoma kidole kunabatilisha funga. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha kumi kilichofanyika Jeddah mwaka 1997, lilipitisha kwamba kutoa damu kwa ajili ya vipimo hakufunguzi, wala sindano ya chini ya ngozi kama ile ya insulini. Isipokuwa zile za mshipani zenye lishe. Hofu hiyo peke yake imewaweka watu gizani mchana mzima wakiwa na kipimo kabatini. Maimamu watalifanya jambo jema wakilitaja juu ya mimbari kwa maneno mepesi.

Ajue pia mipaka. Kipimo kikishuka chini ya 3.9, au 70 kwa vipimo vinavyosoma kwa miligramu, funga inavunjwa hapo hapo. Kikipanda juu ya 16.7, yaani 300, vivyo hivyo inavunjwa na mtu apelekwe kituo cha afya. Dawa asizigeuze kwa ushauri wa jirani. Ziko dawa za kisukari zinazoishusha sukari hata kama mtu hakula, na ziko ambazo hatari yake katika hilo ni ndogo. Vidonge viwili vyeupe vinavyofanana vinaweza kuwa na hukumu mbili mbalimbali. Aliyemwandikia ndiye wa kumpangia upya saa na kiasi.

Na darasa hili lisiishie kwa mgonjwa. Katika nyumba zetu anayeamua sukari ya baba itakuwaje saa moja ya usiku ni yule aliye jikoni tangu saa tisa alasiri. Mara nyingi muuguzi humfundisha mzee ambaye hajawahi kupika chai, kisha mzee hufika nyumbani na kusema, "Wamesema nipunguze sukari," na mazungumzo yakaishia hapo. Mke, binti au mkaza mwana awepo. Aulizwe naye arudie: futari hii utaipangaje? Daku utaisogeza hadi saa ngapi? Ukimkuta amelala saa kumi alasiri na jasho linamtoka, utamwacha apumzike au utamwamsha?

Bibi Rufaida wa kabila la Aslam, radhi za Allah ziwe juu yake, alihudumia majeruhi katika hema lake hapo Madina, na sira inasimulia kwamba Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq alipelekwa kwake, karibu na Mtume wa Allah, rehema na amani zimshukie. Uuguzi hauna ugeni wowote katika uwanja wa msikiti.

Kwa sababu hiyo kamati yetu imeamua kwamba mwaka huu darasa la wenye kisukari lisingoje Shaaban. Litafanyika katikati ya Rajabu, siku ya Jumamosi baada ya Sala ya Alasiri, wanaume barazani na wanawake katika ukumbi wa madrasa. Tumeomba wanafunzi wale wale wa mwaka jana waletwe, na tumemwomba mkufunzi wao kwa heshima zote kwamba safari hii foleni isihesabiwe: wakihudumiwa wagonjwa ishirini kwa ukamilifu tutaridhika kuliko mia moja waliopitishwa, na waliobaki watapangiwa Jumamosi inayofuata. Kila atakayekuja abebe dawa zake zote zikiwa ndani ya pakiti zake, abebe kipimo chake kama anacho, na aandamane na yule anayempikia daku.